Pasipoti ya Malkia, Kibali cha Nairobi

Pasipoti mbili za Uingereza za mwaka 1964 zikilazwa juu ya meza, asiyejua atazidhani pacha. Zote zina jalada gumu la buluu iliyokolea, zote zimepigwa chapa ya dhahabu ya simba na farasi mwenye pembe, na ndani zote zinaomba, kwa jina la Malkia, mwenye hati apitishwe bila kuzuiwa. Kinachozitofautisha ni nani aliyezitoa. Moja imetolewa na serikali ya koloni, tuseme Mauritius. Nyingine imetolewa Nairobi na Ubalozi wa Uingereza, kwa niaba ya serikali ya London. Afisa wa uhamiaji wa Heathrow akipewa ya kwanza atadai vocha ya kazi. Akipewa ya pili ataitazama, amrudishie mwenyewe, amwite anayefuata.

Mwenye hiyo ya pili angeweza kabisa kuwa muuza vitambaa aliyezaliwa Ngara, mjukuu wa fundi wa Kipunjabi, asiyewahi kuiona London hata kwa ndoto. Hakuna aliyekusudia kumpa upendeleo huo. Aliupata kwa sababu sheria mbili ziliandikwa na watu ambao hawakuwa wakimfikiria, na ulidumu miaka minne na ushei tu. Namna ulivyofutwa, katika wiki moja ya Februari 1968, ndiyo iliyotengeneza kanuni nyingi za kuingia na kukaa Uingereza ambazo Mkenya au Mtanzania anayeomba viza anakumbana nazo hadi leo.

Wahindi walikuwa wakifanya biashara katika pwani ya Afrika Mashariki muda mrefu kabla Mwingereza hajafika, ila kwa bara kisa huanzia kwenye reli. Kati ya 1896 na 1901 zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Waliobaki hawakutimia 7,000. Waliojaza mitaa ya Nairobi, Nakuru na Kisumu ni waliokuja baadaye kwa nauli zao wenyewe: wenye maduka, makarani, maseremala, walimu, mafundi cherehani. Sensa ya 1962 iliwahesabu Waasia wa Kenya kuwa takriban 176,000, mara tatu ya Wazungu.

Katika mpangilio wa kibaguzi wa wakati ule walikaa katikati. Hawakuruhusiwa kumiliki mashamba ya nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, lakini pia hawakuvaa kipande. Hilo halifai kusahauliwa na yeyote anayesimulia masaibu yaliyowapata baadaye. Kuanzia 1919 na 1920 mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kubeba kipande, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, kikieleza ameajiriwa na nani na ameachishwa lini. Akikutwa mjini bila hicho, alishikwa. Kumwambia mtu aonyeshe karatasi ndipo aruhusiwe kukaa Nairobi ni jambo ambalo serikali ya Kenyatta ililirithi, haikulibuni.

Sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1948 ilikuwa na ukarimu wa aina yake. Iliwaita watu wa Glasgow na watu wa Nairobi kwa jina moja, raia wa Uingereza na Makoloni, na wote walikuwa na haki ya kushuka melini Southampton, watafute chumba na kazi, na wakae hadi wachoke. Ukarimu huo ulikuwa rahisi kwa kuwa hakuna aliyetarajia watu waje kwa wingi. Wakaja, kutoka visiwa vya Karibea, India na Pakistan, na mwaka 1962 serikali ya Conservative ikapitisha sheria ya kuwadhibiti. Tangu Julai mwaka huo raia wa Jumuiya ya Madola alitakiwa kuwa na vocha kutoka Wizara ya Kazi ndipo aingie kufanya kazi. Walioachwa nje ya udhibiti ni waliozaliwa Uingereza kwenyewe, na wale wenye uraia wa Uingereza ambao pasipoti zao zilitolewa na serikali ya Uingereza, si ya koloni. Kipengele hicho cha mwisho kilikuwa njia ya mkato ya kuwatambua Waingereza wa kwao bila kutaja rangi ya mtu.

Halafu Kenya ikapata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Ofisi ya gavana ya kutoa pasipoti ikafa, na mahali pake pakafunguliwa ubalozi. Aliyebaki na uraia wa Uingereza ndani ya Kenya hakuwa na pengine pa kuchukulia pasipoti ila hapo ubalozini, na pasipoti ya ubalozini ilikuwa, kisheria, pasipoti ya serikali ya Uingereza. Njia ya mkato ya mwaka 1962 ikawapitisha watu ambao waliotunga sheria hawakuwaza kuwapitisha.

Katiba ya uhuru ya Kenya nayo ilikuwa na hesabu zake. Ilimpa uraia papo hapo mtu aliyezaliwa Kenya iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Aliyezaliwa Kenya na wazazi wa kutoka Gujarat au Punjab, na wengine walioishi nchini muda mrefu, walipewa miaka miwili waombe. Uraia wa nchi mbili haukuruhusiwa. Anayeutaka wa Kenya aukane wa Uingereza. Dirisha lilifungwa tarehe 12 Desemba 1965, na wakati huo makumi ya maelfu walikuwa hawajaomba.

Baadaye wanasiasa wa Nairobi waliwasema kwa hilo: eti waliweka mguu mmoja nje. Ni kweli kwamba wengi walisita, na hawakuficha. Familia nyingi ziligawana: kaka mkubwa akachukua uraia wa Kenya ili leseni ya duka isalie, mdogo wake akabaki na pasipoti ya Uingereza kama akiba. Mfanyabiashara hawezi kulaumiwa kwa kugawa hatari. Lakini ni kweli pia kwamba hawakusita bila sababu. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Kenya. Pio Gama Pinto, Mgoa wa Nairobi aliyefungwa na wakoloni kwa kupigania uhuru, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Februari 1965, zikiwa zimebaki miezi kumi dirisha lifungwe. Na kwa upande wa pili, wanasiasa wa Uingereza waliohusika na mazungumzo ya uhuru walijua vizuri kwamba Waasia na walowezi Wazungu vilevile watabaki na uraia wao wa zamani. Iain Macleod, aliyewahi kuwa waziri wa makoloni, alisema hadharani mwaka 1968 kwamba ahadi ilitolewa na ilikusudiwa. Duncan Sandys, aliyeshika wizara hiyo Kenya ilipopata uhuru, alisema hapana. Walikuwa wa chama kimoja.

Pwani kulikuwa na kioja kingine. Ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar haukuwa koloni bali nchi lindwa, na mtoto aliyezaliwa humo hakuwa raia wa Uingereza na Makoloni. Alikuwa mtu aliyelindwa na Uingereza, daraja la chini yake. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba na mama mmoja, mmoja akizaliwa Mombasa na mwingine Nairobi baada ya baba kuhamisha duka, waliweza kuwa na hadhi mbili tofauti mbele ya mfalme yuleyule. Wakati huo ilionekana ni habari ya kuwafurahisha mawakili. Miaka michache baadaye ilikuja kuamua nani ametendewa unyama na nani hakutendewa.

Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha sheria mbili. Sheria ya leseni za biashara iliwazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo makuu ya miji, na ikawafungia bidhaa kadhaa kabisa. Sheria ya uhamiaji, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huo, ilimtaka kila asiye raia awe na kibali. Hati za ukaaji za zamani zilipoteza nguvu. Karani wa reli aliyezaliwa Nairobi, aliyesoma Nairobi na kuoa Nairobi, sasa alitakiwa mwajiri wake amwombee kibali cha kazi na aeleze kwa nini hajapatikana Mkenya wa kuishika kazi hiyo. Kibali kilifungwa na kazi ileile kwa mwajiri yuleyule, na kilikuwa na tarehe ya mwisho. Kikiisha, unaomba kuongezewa, ukikataliwa, unaondoka.

Serikali haikuficha nia, na nia yenyewe ilikuwa na haki ndani yake. Miaka minne baada ya uhuru, rejareja na jumla za mijini bado zilikuwa mikononi mwa wachache, na vijana Waafrika waliomaliza shule walizikuta nafasi za ukarani zimejaa. Kuipa kipaumbele jamii iliyokuwa imefungiwa mlango kwa miaka sitini ni siasa ambayo serikali yoyote ya Kiafrika ingeifuata. Kilichowatisha Waasia ni kwamba mzigo haukumwangukia asiye raia peke yake. Afisa wa kata au polisi wa barabarani hakuwa na muda wa kupekua nani ni raia na nani si raia, aliangalia sura.

Basi watu wakaanza kuondoka, na jinsi walivyozidi kuondoka ndivyo magazeti ya London yalivyozidi kuandika kwamba mlango utafungwa, na jinsi yalivyoandika ndivyo wengine walivyofanya haraka zaidi. Wabunge Enoch Powell na Sandys walikuwa wakidai sheria kila wiki. Mwaka 1967 walioingia Uingereza kutoka Kenya walikuwa takriban 13,600. Katika miezi miwili tu ya mwanzo wa 1968 waliingia takriban 12,800.

Februari ile Nairobi ilikuwa mji wa kuuza na kununua. Huko Parklands, Pangani na Eastleigh, majokofu, vitanda na magari vilitolewa kwa bei yoyote mradi pesa ni taslimu na leo leo. Ofisi za mashirika ya ndege zilizingirwa tangu alfajiri. Aliyekosa kiti cha moja kwa moja alichukua cha kupitia popote, mradi kinaishia London. Uwanja wa ndege wa Embakasi ulijaa jamaa waliokuja kusindikiza, wengine wakisindikiza nusu ya ukoo kwa siku moja. Waliopanda ndege walivaa makoti mazito waliyonunuliwa juzi, chini ya jua la Februari.

Kule London serikali ilikuwa ya Labour, chama kilichoipinga sheria ya 1962 kwa maneno makali. James Callaghan alikuwa na miezi mitatu tu katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Malcolm MacDonald, gavana wa mwisho wa Kenya, alitumwa kumwomba Kenyatta apunguze kasi; Kenyatta hakuona sababu ya kuwaongezea muda raia wa Uingereza ili kumfaa waziri wa Uingereza. Nyaraka za baraza la mawaziri, zilizofunguliwa miaka thelathini baadaye, zinaonyesha kwamba waziri wa Jumuiya ya Madola, George Thomson, aliwaonya wenzake kuwa wanachotaka kufanya ni kubagua raia kwa rangi na ni kosa kimsingi. Alizidiwa.

Callaghan alitangaza muswada Alhamisi tarehe 22 Februari. Jumanne iliyofuata ulisomwa mara ya pili na kupita kwa kura 372 dhidi ya 62. Malodi walikesha nao hadi Ijumaa asubuhi, Askofu Mkuu wa Canterbury, Michael Ramsey, akiwa miongoni mwa walioupinga. Tarehe 1 Machi Malkia alishatia idhini. Sheria ya kubadili maana ya uraia wa watu wengi namna hiyo ilichukua bungeni siku tatu.

Maneno yake hayakutaja Mwasia wala Mwafrika. Yalisema kwamba raia wa Uingereza na Makoloni ataingia bila kizuizi iwapo yeye, mzazi wake au babu yake alizaliwa Uingereza, au alipewa uraia huko. Mkulima Mzungu wa Nakuru, aliyezaliwa Kenya kama karani wa reli, na mwenye pasipoti iliyotoka ubalozi uleule, alimtaja babu yake wa Devon akapita. Karani alimtaja babu yake wa Ludhiana. Pasipoti ilikuwa bado halali, bado ya buluu, bado ikiomba mwenyewe apitishwe bila kuzuiwa. Nchi pekee iliyokuwa na sheria mahususi ya kumzuia ni ile iliyoichapa.

Badala ya mlango kulikuwa sasa na foleni. Zilitengwa vocha maalumu 1,500 kwa mwaka kwa Waasia wa Afrika Mashariki yote, kila moja kwa kichwa cha familia pamoja na wanaomtegemea. Kichwa cha familia kilikuwa mwanamume. Mke mwenye pasipoti ya Uingereza aliyeolewa na raia wa Kenya au wa India hakuhesabiwa kichwa cha chochote, hata kama yeye ndiye aliyefukuzwa kazi kwa kukosa kibali. Idadi ya vocha ilipandishwa hadi 3,000 mwaka 1971 na 5,000 mwaka 1975, lakini kwa miaka hiyo yote anayesubiri alikuwa akisubiri mahali ambapo kibali chake cha kukaa kilikuwa kimekwisha au kinakaribia kwisha. Hawezi kufanya kazi Kenya, hajaitwa Uingereza. India nayo, ikihofia kutwishwa mzigo, iliwawekea masharti ya viza watu hao hao waliokuwa na asili ya huko. Baadaye mwaka 1968 ilikubali kuwapokea wenye kugongewa maneno katika pasipoti yanayothibitisha kwamba, mwisho wa yote, haki yao ya kwenda ni Uingereza.

Wengine hawakuvumilia foleni. Wakakata tiketi, wakapanda ndege bila vocha, wakifikiri serikali haiwezi kumfukuza raia wake. Ikaweza. Heathrow ilimrudisha mtu kwa ndege iliyomleta, Nairobi ikakataa kumpokea kwa kuwa kibali chake kimekwisha na pasipoti ni ya Uingereza, akarejeshwa. Wapo waliokwenda na kurudi hivyo mara kadhaa katika wiki chache, wakilala kwenye viti vya viwanja vya ndege vya Ulaya, mizigo yao ikiwa imetangulia au imebaki nyuma. Magazeti ya Kiingereza yaliwafananisha na kile kipira cha manyoya cha badminton. Wengine waliruhusiwa kushuka na kupelekwa gerezani kungoja uamuzi. Kwa mtu aliyelipa kodi ya koloni maisha yake yote, chumba chake cha kwanza katika nchi ya pasipoti yake kilikuwa na kufuli upande wa nje.

Kesi ilifunguliwa Strasbourg, mbele ya Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mmoja wa mawakili wao alikuwa Anthony Lester. Uingereza ilikuwa imejilinda kwa ustadi. Upo mkataba wa ziada wa Ulaya unaosema hakuna mtu atakayenyimwa kuingia katika nchi ambayo ni raia wake; Uingereza iliusaini mwaka 1963 na haijauridhia hadi leo, kwa hiyo hauwezi kutumika dhidi yake. Mawakili wakapita kwingine. Walidai kwamba kumbagua mtu kwa rangi hadharani, kwa sheria, mpaka awe hana pa kukaa, ni kumdhalilisha, na kudhalilisha kunakatazwa na ibara ileile inayokataza mateso.

Mwaka 1970 Tume ilikubali kusikiliza maombi 31, na Desemba 1973 ikatoa ripoti yake: sheria ya 1968 ilikuwa na ubaguzi wa rangi ndani yake, na waombaji 25 walidhalilishwa. Hao 25 walikuwa raia wa Uingereza na Makoloni. Sita waliobaki walikuwa watu wa nchi lindwa, ile hadhi ya mtoto wa Mombasa, na kwao Tume haikuona udhalilishaji, kwani sheria ya 1968 haikuwapunguzia kitu walichokuwa nacho. Watatu kati yao walipata ushindi mdogo kwa kuwa walizuiwa kuungana na wake zao waliokuwa tayari Uingereza. Ripoti ikapelekwa kwa Kamati ya Mawaziri wa Baraza la Ulaya. Mwaka 1977 Kamati ikaamua hakuna la kufanya zaidi, maana waombaji wenyewe walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kuingia. Ripoti ikafungiwa. Haikutolewa hadharani hadi 1994.

Wakati Tume ikitafakari, Idi Amin alikuwa ameshaugeuza mjadala. Tarehe 4 Agosti 1972 alitangaza Tororo kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke Uganda, na muda aliotoa ukawa siku 90. Kilichofuata Kampala kilikuwa mtihani wa karatasi. Hata waliojiandikisha kuwa raia wa Uganda waliitwa wahakikiwe, wakapangwa mistari mirefu, na wengi wakaambiwa hati zao hazina nguvu kwa sababu miaka kumi nyuma hati ya kuukana uraia wa Uingereza ilichelewa kuwasilishwa. Waliamka wakiwa Waganda, wakalala hawana nchi. Wengine walichukuliwa na mataifa mbalimbali kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Zaidi ya 6,000 walikwenda Canada, ambayo ilituma maafisa wake Kampala.

Uingereza iliwapokea takriban 28,000. Ilikiri waziwazi kwamba kwa sheria ya kimataifa nchi haiwezi kuwakataa raia wake waliofukuzwa kwingine, jambo ambalo miaka minne kabla lilisahaulika kwa sababu Kenya haikufukuza. Amin alikataa kuongeza muda. Ndege ya kwanza ya wakimbizi hao ilitua Stansted tarehe 18 Septemba, na familia zilizoruhusiwa kutoka na takriban pauni 50 zikapelekwa kwenye kambi za zamani za jeshi kama Stradishall na Tonfanau. Halmashauri ya Leicester ilikuwa imekwisha kununua nafasi katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije kwao. Tangazo hilo liliwajulisha wengi kwamba kuna mji unaoitwa Leicester wenye Wahindi tayari, na wakaenda.

Tanzania haikumfukuza mtu kwa tangazo. Kule kilichowasukuma wengi ni Aprili 1971, serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambazo nyingi mijini zilikuwa za Waasia. Nao walijiunga na foleni ileile ya vocha, nyuma ya watu wa Nairobi na Kampala.

Tarehe 1 Januari 1973 mambo mawili yalianza Uingereza kwa siku moja. Nchi iliingia katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, na Mwitaliano au Mjerumani akapata haki ya kuja kufanya kazi bila kumwomba mtu. Siku hiyohiyo ikaanza kutumika Sheria ya Uhamiaji ya 1971, iliyochukua kipengele cha babu na wazazi cha mwaka 1968, ikakikarabati, ikakifanya msingi wa mfumo mzima. Chini yake watu wamegawanyika mara mbili: wenye haki ya kukaa, na wenye idhini ya kukaa. Idhini inaweza kuwa na kikomo au isiwe nacho, inaweza kuja na masharti ya kazi, na ikikaribia kwisha mwenyewe aombe nyongeza kabla ya siku ya mwisho. Akiomba mapema, anaendelea kuwa halali mpaka ajibiwe, hata jibu likichukua miezi. Akichelewa kwa siku moja amezidisha muda, na kuzidisha muda kwa kujua ni kosa la jinai. Kwa miongo kadhaa maombi hayo yalielekea Lunar House, jengo refu la Croydon ambalo wanafunzi na wauguzi kutoka Afrika Mashariki walilijua vizuri kuliko kasri la Malkia, kwa kuwa walipanga foleni nje yake kabla ya mapambazuko.

Sheria hiyo imeongezwa viraka visivyohesabika, lakini bado ndiyo inayotumika. Baadhi ya waliokuja kuishonea viraka ni watoto wa kisa hiki. Wazazi wa Priti Patel walitoka Uganda kabla ya Amin. Baba yake Suella Braverman aliondoka Kenya mwaka 1968 wenyewe. Baba yake Rishi Sunak alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Wawili wa kwanza walikuwa mawaziri wa mambo ya ndani, wa tatu waziri mkuu, na serikali zao zilisema kwa ukali kuhusu nani aingie. Mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda ulitiwa saini Kigali na Patel mwenyewe, Aprili 2022. Huko Kenya, Julai 2017, serikali iliwatambua rasmi Waasia kuwa kabila la 44 la nchi.

Waliobaki kwenye foleni ya vocha walibadilishiwa jina kwanza. Sheria ya uraia ya 1981, iliyoanza Januari 1983, iliufuta uraia wa Uingereza na Makoloni, ikawaita hao raia wa Uingereza wa ng'ambo: pasipoti wanapewa, haki ya kuishi Uingereza hawana. Mpango wa vocha ulifutwa ghafla Machi 2002, bila kuwasubiri waliokuwa bado wanangoja. Makelele yakapigwa, na mwaka huohuo David Blunkett, akiwa waziri wa mambo ya ndani, akaingiza kifungu cha kuwapa uraia kamili wale wasio na uraia wa nchi nyingine yoyote. Kilianza kutumika tarehe 30 Aprili 2003, miaka thelathini na mitano baada ya ule usiku wa Malodi.

Kina masharti yake. Mwombaji lazima aonyeshe kwamba hana uraia mwingine, na kwamba tangu tarehe 4 Julai 2002 hajaukana wala kuupoteza kwa kitendo chake mwenyewe. Namna ya kulithibitisha hilo ni kurudi kwa nchi zote zilizowahi kumkataa na kuziomba zimwandikie kuwa kweli si wake: Nairobi iseme hakuomba kabla ya Desemba 1965, na ubalozi wa India useme baba yake alizaliwa kwao lakini yeye hawamtambui. Barua hizo nazo huchukua muda, na anayezingoja akiwa ndani ya Uingereza kwa viza ya miezi sita huku anahesabu siku zake.